Sura ya Tisa: Fimbo Iliyopotea Kabla ya Thurles

Ukiibiwa ng'ombe Dungarvan, polisi watakuja kesho. Ukiibiwa gari, watakuja wakishamaliza chai. Lakini Jumamosi ile Sajini Gobnait Mernagh aliacha yai nusu kwenye sahani, akavaa koti huku anakimbia, akafika uwanja wa mazoezi wa timu ya kaunti kabla simu iliyomwita haijapoa.

Tadhg Ormonde, kocha wa Waterford, alikuwa akimngoja mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa pande la mtu, lakini asubuhi hiyo uso ulikuwa umemshuka.

"Nani anajua?" Gobnait akauliza.

"Mimi, wewe, na hao waliomo ndani."

"Basi wapinzani wetu, Clare, watajua kabla ya chakula cha mchana."

"Sajini, tafadhali. Presha niliyonayo inanitosha."

Kesho yake ndiyo ilikuwa fainali ya mashindano ya kaunti za jimbo la Munster, kati ya Waterford na Clare, katika uwanja wa Thurles. Mara ya mwisho Waterford kulibeba kombe hilo, wengi wa vijana waliokuwa mle ndani walikuwa bado wanatambaa. Mji mzima ulikuwa umevaa bluu na nyeupe; hata muuza nyama alikuwa amekifunga kitambaa cha timu kichwa cha nguruwe kilichokuwa dirishani. Na sasa, ikiwa imebaki siku moja tu, fimbo ya kuchezea ya kipa haionekani.

Aliyepotelewa, Déaglán Veale, alikuwa amekaa kwenye benchi na viatu vyake miguuni, mikono imelegea kama ya mtu asiyejua aiweke wapi. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa hesabu. Katika mchezo huu wa hurling, wa kupiga kimpira kwa fimbo, hakuna anayelipwa. Jumatatu angerudi darasani kushika chaki, awe ameshinda au amefungwa. Gobnait alimheshimu kwa hilo, na kwa mengine pia. Alikuwa amewahi kusimama golini mwenyewe, upande wa wanawake, na kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikataa kunyooka tangu enzi hizo. Alijua kimpira kile cha ngozi kinavyokuja. Hukioni, unakihisi. Ulichonacho ni bapa la fimbo yako na roho yako, basi.

"Fimbo yenyewe ikoje?"

"Ya mti mgumu wa ash, kama zote, Sajini. Bapa pana, la kipa. Imefungwa pete ya bati kwenye ncha. Nimeitumia misimu tisa."

"Huna nyingine?"

"Ninazo mbili. Ila hazinijui."

Mtu mwingine angecheka. Gobnait hakucheka.

"Huyu alisema redioni wiki iliyopita," sauti ikatoka upande wa pili, "kwamba bila fimbo ile afadhali asimame golini uchi. Haya, kesho Clare watamwona!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Walikuwa wanacheka kwa woga.

Gobnait akainama kwenye begi la Déaglán. Kofia ngumu ya kuchezea ilikuwamo, ya bei. Saa ya mkononi ilikuwamo. Simu ilikuwamo. Mwizi wa kawaida angeanza na hivyo. Akageuka kwenye sanduku la zana la timu, lililokuwa wazi karibu na mlango: nyundo, misumari midogo, msumeno. Anayetaka kumkomoa kipa angeikata fimbo palepale na kuiacha vipande viwili, ujumbe ufike. Huyu hakufanya hivyo. Fimbo ilikuwa imetoka ikiwa nzima.

"Kocha," akasema, "kama kuna mwizi, basi anaipenda fimbo kuliko anavyomchukia mwenyewe."

Tadhg akamvuta pembeni. "Kikulacho ki nguoni mwako, Sajini. Ufunguo wa chumba hiki anao Patsy anayetunza vifaa. Leo Patsy amekuta mlango uko wazi. Na aliyeazima ufunguo jana ni Oisín."

"Kipa wa akiba?"

"Miaka saba yuko benchi. Kama Déaglán akikataa kucheza..."

Oisín Tobin alikuwa kijana mrefu, mwekundu wa masikio. Gobnait alimkuta kwenye kona akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Umefika saa ngapi leo?"

"Na wenzangu."

"Wenzako wametoka kwenye magari moja kwa moja hadi ndani, kwenye lami. Viatu vyako vina majani mabichi. Na mikono ya sweta yako imelowa hadi kiwiko, na mvua iliacha usiku."

Masikio yakazidi kuwa mekundu. "Nilikwenda uwanjani kidogo."

"Kufanya nini?"

"Hakuna."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua, kijana. Fimbo ya mwenzako haipo na ufunguo ulikuwa kwako. Nisaidie nisikufikirie vibaya."

Oisín akatazama huku na huku. Kila mmoja alikuwa akijifanya anatafuta soksi.

"Nilileta maji," akasema chini chini.

"Maji gani?"

"Ya kisima cha Ardmore. Cha Mtakatifu wa jina lake." Akamnyooshea Déaglán kidevu. "Mama alinijazia chupa. Nikanyunyizia nguzo za goli kule mazoezini. Halafu nikaja huku kunyunyizia fimbo yake, na sikuiona. Nikadhani amekwenda nayo nyumbani. Sikusema kwa sababu nilijua mtanicheka mpaka Krismasi."

"Tutakucheka mpaka Pasaka," mtu akasema, lakini kwa upole.

Déaglán alikuwa ameinua kichwa. "Wewe? Umeniombea mimi?"

"Sasa nimwombee nani? Clare?"

Gobnait alilazimika kutazama dirishani kidogo. Kijana amekaa benchi miaka saba, na siku moja kabla ya fainali anaamka gizani kumbariki anayemzuia kucheza. Hii ndiyo timu, akajisemea, na Tadhg anapaswa kuona haya. Tadhg aliona haya. Alikuwa akikuna shingo.

Lakini Oisín alikuwa amemwachia kitu kizuri. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuingia, fimbo ilikuwa tayari haimo.

"Patsy!"

Patsy Kiely, mtunza vifaa, akaja akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa ametunza vifaa vya timu tangu Déaglán hajaota ndevu.

"Jana baada ya mazoezi fimbo zilikwenda wapi?"

"Msibani, Sajini. Kwa marehemu Murt Foley, Carrigbeg."

Hilo Gobnait alilijua, maana hata yeye alikuwa amepita kutoa pole. Murt Foley alikuwa kipa wa kaunti zamani, na baada ya hapo fundi wa kuchonga fimbo. Mwili wake ulikuwa umelazwa sebuleni kwake, na timu ilikuwa imejipanga getini kwa gwaride la heshima, kila mchezaji na fimbo yake begani, wakati watu wanapita.

"Baada ya gwaride?"

"Tukaingia kumwona. Chumba alicholazwa maiti hatuingii na fimbo mikononi, wewe mwenyewe unajua. Wakaziegemeza ukumbini karibu na mlango, kila moja ilipopata nafasi. Halafu ilipofika wakati wa kuondoka, mvua ile! Nikazikumbatia zote kama kuni, nikazitia guniani, tukakimbilia basini."

"Ulizitazama moja moja?"

"Nizitazame na nini? Ila hakuna yetu iliyobaki, nilizihesabu zikatimia. Na leo nimezigawa, kila mtu amepata yake."

"Isipokuwa Déaglán."

"Isipokuwa Déaglán," Patsy akakubali kwa unyonge.

Gobnait akasimama katikati ya chumba na kupiga makofi.

"Wote, shikeni fimbo zenu. Na za akiba. Inueni juu nizione."

Fimbo zikainuka. Hata katika shida ile lilikuwa jambo la kupendeza kuliona: mti mweupe, mishipa yake imepinda vizuri kufuata mzizi ulikotoka, kila moja na makovu yake. Gobnait akazungusha macho taratibu. Pale ukutani, nyuma ya mlango, ilibaki moja ambayo hakuna aliyeishika.

"Ile ya nani?"

"Ya Oisín," Déaglán akasema. "Ya akiba."

"Si yangu," Oisín akasema. "Nilidhani ya akiba yako."

Wakatazamana. Katika chumba kile makipa walikuwa wawili tu, na makipa peke yao ndio wanaoruhusiwa bapa pana namna ile. Kila mmoja alipoiona, alijua si yake, basi akaamua ni ya mwenzake, na kwa adabu akaiacha ilipo. Mchezaji mwingine angeuliza. Makipa hawagusi fimbo ya kipa.

"Lo, Bikira Maria," Patsy akanong'ona.

Gobnait akaichukua. Ilikuwa nzito kuliko za siku hizi, imekolea rangi kama chai, imefungwa bandeji ya zamani iliyokauka. Akaishika kama alivyozoea, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Haikukaa. Mpini ulikuwa umelika, umefanya kishimo cha dole gumba na vijishimo vya vidole, na vidole vyake vilikuwa vinapanda juu ya matuta. Akabadilisha, mkono wa kushoto juu. Fimbo ikakaa kiganjani kama iliyomngoja.

"Nani hapa anashika kwa kushoto?"

Vichwa vikatikiswa.

"Kipa gani katika kaunti hii, aliye hai au aliyekufa, alishika kwa kushoto?"

Tadhg Ormonde akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna mtu. "Murt," akasema. "Murt alikuwa shoto. Maadui walikuwa wanamwita Shetani kwa sababu hiyo."

"Ziliingia guniani fimbo zilezile kwa idadi, Patsy, na ndiyo maana hukushtuka. Ila uliyobeba wewe ni ya Murt. Ya Déaglán ilibaki Carrigbeg badala yake."

"Basi ipo!" Déaglán akaruka. "Iko kwa Bi Nóra! Twende tukaichukue!"

Gobnait hakusogea. Alikuwa akifikiria kitu alichokiona jana pale msibani. Mikono ya Murt ilikuwa imefungwa rozari juu ya kifua, lakini pembeni yake, upande wa kushoto, nguo nyeupe ya jeneza ilikuwa imesukumwa ili kuacha nafasi. Nafasi nyembamba, ndefu.

"Murt anazikwa lini?"

"Misa ni saa sita," Patsy akasema. Kisha naye akaelewa. Akajifanyia ishara ya msalaba.

"Vaa koti," Gobnait akamwambia Déaglán. "Jeneza limefungwa asubuhi hii, na fimbo yako imo ndani."

Njiani Gobnait aliendesha kwa mwendo ambao angemwandikia mtu mwingine faini. Déaglán alikuwa ameikumbatia fimbo ya Murt, akiitazama kwa jicho la pembeni.

"Zimefanana," akasema baadaye. "Yangu alinichongea yeye. Lazima alikuwa anaiga hii."

"Ukiipata utafurahi?"

"Sajini, sijalala. Kila nikifumba macho naona kimpira kinapita." Akanyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa inatetemeka. "Tazama. Nitasimama vipi mbele ya watu elfu arobaini na mikono hii?"

Mbele ya kanisa la Carrigbeg watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa, limewekwa juu ya vigari vyake mlangoni, jezi ya zamani ya Waterford imetandazwa juu. Mjane, Nóra Foley, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama mshale, alikuwa kando yake akipokea pole. Gobnait akamngoja aliyekuwa mbele yao aondoke.

"Pole sana, Bi Nóra. Naomba dakika moja. Fimbo uliyomwekea marehemu, uliitoa wapi?"

"Swali gani hilo siku kama ya leo, Gobnait Mernagh?"

"Naomba unijibu tu."

"Nimeitoa mlangoni, ilipokuwa siku zote. Alfajiri, kabla hawajafunga. Sikuwasha taa, nimeipita hapo maisha yangu yote, nahitaji taa ya nini? Nimenyoosha mkono, nimeikuta, nimemlaza nayo." Akasita. Macho yake yalikuwa yameanguka kwenye kile alichoshika Déaglán. "Hiyo imetoka wapi?"

Ikabidi Gobnait amweleze: mvua, ukumbi uliojaa, Patsy na gunia. Alipofika mwisho, Nóra aliweka mkono juu ya jeneza, akashikilia.

"Ina maana Murt anayo ya huyu mtoto."

"Ndiyo, Bi Nóra."

"Na kesho ni Thurles."

"Ndiyo."

Akageuka. "Cashman!" Bwana wa mazishi, aliyekuwa akizungumza na padri, akaja mbio kwa hatua fupi. "Una bisibisi?"

"Bi Nóra, hatuwezi, hapa mbele za watu..."

"Huyo uliyemfungia humo alikuwa kipa. Akijua nimemnyang'anya kipa fimbo yake siku moja kabla ya fainali, atatoka mwenyewe, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kukimbia. Fungua."

Cashman akatoa bisibisi mfukoni. Watu waliokuwa karibu wakaanza kuvua kofia, wengine kunong'ona. Gobnait alijisikia fahari na huzuni kwa wakati mmoja. Ndani ya mwanamke huyu kulikuwa na mchezaji kuliko wengi waliovaa jezi.

"Bi Nóra," Déaglán akasema. "Hii yake, ndiyo aliyochezea?"

"Hiyo?" Nóra akaitazama kwa chuki ya waziwazi. "Hiyo ndiyo aliyoshika alipofungwa bao la fainali. Dakika ya mwisho, palepale Thurles. Kimpira kilipita chini ya bapa, naye hakucheza tena. Akaisimamisha mlangoni ili aione kila akitoka nyumbani. Nilimwambia Murt, ichome. Hataki. Niifiche basi? Hataki. Miaka yote hiyo nimefagia kuizunguka. Na mimi tangu siku ile sijakanyaga Thurles. Leo nilisema, iende naye. Ardhi ifunike vyote viwili." Akaitazama tena fimbo. "Kumbe ipo bado. Kumbe hata hilo sijaliweza."

Bisibisi ya Cashman ilikuwa imeshaingia kwenye skrubu ya kwanza. Déaglán akamshika mkono.

"Acha."

"Déaglán," Gobnait akamwambia kwa sauti ya chini, "fikiri vizuri. Ikishashuka kaburini haipandi."

"Nimefikiri." Alikuwa mweupe kama karatasi. "Ile aliichonga kwa mkono wake, Bi Nóra. Akanipa bure, akaniambia nisimwaibishe. Imezuia mabao mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Mwache aende nayo. Ni kazi yake njema."

"Na wewe utacheza na nini?"

"Na hii. Ukinipa."

"Hapana!" Mjane akarudi nyuma nusu hatua. "Mwanangu, hiyo ina nuksi. Sikupi nuksi uende nayo fainali."

"Haina nuksi, mama. Imesimama mlangoni muda mrefu mno, basi."

Gobnait aliona kwamba Déaglán hakuiachia fimbo. Alikuwa amekamata wahalifu jasiri na waoga, akaonyeshwa visu na bunduki, lakini hakumbuki kama aliwahi kuona ujasiri kama ule wa mtu anayeogopa hivyo na anaomba kuongezewa mzigo.

"Na ukifungwa?" Nóra akauliza.

"Nikifungwa nitakuwa nimefungwa na Clare. Haitakuwa kosa la Murt."

Cashman alikuwa ameduwaa, hajui afungue au akaze. Nóra akamtazama, kisha akatikisa kichwa. Cashman akaizungusha skrubu ile kuirudisha, taratibu, mpaka ikaishia.

Padri akaashiria. Wachukuzi wakashika nafasi zao. Mjane akaisogelea fimbo iliyokuwa mikononi mwa Déaglán, na kwa mara ya kwanza akaigusa. Akapitisha kidole kwenye bandeji iliyokauka, akairekebisha pale ilipoanza kufunguka, kama mtu anavyomfunga mtoto kifungo kabla hajaenda shule. Halafu akalifuata jeneza. Alipofika kizingitini mwa kanisa, akasimama, akageuka.

"Sajini," akasema, mbele ya watu wote. "Gari lako kesho lina nafasi?"